Anayegonga Bila ya Hodi

Tangu kumalizika kwa mvua za masika, jioni zangu nyingi zimepita katika ua wa nyumba moja ya Mkunazini, hapa Mji Mkongwe, ambamo kikundi chetu kidogo cha maigizo kilikuwa kikitayarisha mchezo uliotokana na hadithi fupi ya kutisha ya Mwingereza W. W. Jacobs, The Monkey's Paw, ambayo sisi tumeiita Mkono wa Kima. Mchezo wetu una lugha nne: Kiswahili cha Unguja mjini, Kipemba, Kikachi (lugha ya watu wa asili ya Kachi, India) na Kiingereza. Tumekwisha kuuonesha mara nne, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika maneno yake, watu wengi wameniuliza kwa nini tuliwachanganyia lugha watazamaji ambao wote wanajua Kiswahili. Jibu lake ni refu kuliko linavyoweza kutolewa barazani mtu akiwa anataka kwenda zake.

Kwa asiyeijua hadithi, mambo yake ni haya. Mzee mmoja, mkewe na mtoto wao wa kiume wanatembelewa na askari aliyetumikia India kwa miaka 21. Askari ana mkono wa kima uliokaushwa, uliotiwa nguvu na fakiri mmoja aliyetaka kuonesha kwamba maisha ya watu yanaongozwa na kudura na kwamba anayeiingilia hujiletea majuto. Mkono huo huwatimizia watu watatu matakwa matatu kila mmoja. Mzee anataka pauni 200 za kumalizia deni la nyumba. Kesho yake mtoto ananaswa na mashine kazini, anakufa, na kampuni inaleta fidia ya pauni 200. Siku zikipita, mama anamlazimisha mumewe atake mtoto arudi akiwa hai. Usiku ule ule mlango unagongwa. Mama anahangaika na komeo la juu asilolifikia, na mzee anapapasa sakafuni kuutafuta mkono ili alitoe takwa la mwisho kabla mlango haujafunguka. Unapofunguka, njia ni tupu.

Jacobs alizaliwa mwaka 1863 huko Wapping, London, kandokando ya mto Thames, na baba yake alikuwa msimamizi wa gati. Alijulikana zaidi kwa hadithi za kuchekesha za mabaharia, lakini hii aliyoitoa mwaka 1902 ndiyo iliyomzidi umri, na mwaka uliofuata Louis N. Parker aliigeuza kuwa mchezo ulioonyeshwa London. Niliposoma kuhusu utoto wake wa gatini nilielewa kwa nini hadithi hii imekaa vyema hapa kwetu: hofu yake inaingia nyumbani kwa mdomo wa mtu wa safari, akiwa na kitu mfukoni kutoka pwani nyingine. Mtaa wote wa Malindi, hapa mjini, umelelewa na habari za namna hiyo. Kwa hiyo askari tumemfanya serahangi wa jahazi, nyumba ya deni imekuwa shamba la mikarafuu lililowekwa rahani, mtoto anafanya kazi katika kiwanda cha kukamua mafuta ya mbata, na fedha ni rupia, kwa kuwa tuliyaweka mambo yote kabla ya mwaka 1936, shilingi ilipochukua nafasi ya rupia hapa Zanzibar. Idadi ya 200 hatukuigusa.

Mnyama mwenyewe alituletea mjadala. Mwenzetu mmoja alipendekeza nyani, lakini nyani si mnyama wa misitu ya Unguja, na kitu kisichojulikana kwa macho ni vigumu kumtisha mtu mkononi mwa mwingine. Tukachukua kima, tena kima punju, yule mwekundu wa msitu wa Jozani ambaye jina lake lenyewe limebeba sumu na ambaye kidole chake gumba ni kama hakipo. Fundi aliyetuchongea ule mkono aliuwekea vidole vinne tu. Hatukumweleza mtazamaji chochote juu ya hilo, na mara zote nne nilisikia watu wakinong'onezana jina la kima punju mara serahangi alipouinua chini ya taa ya karabai.

Neno lililotuchelewesha kuliko yote ni lile la kutaka. Katika rasimu yangu ya kwanza mzee alisema, "Naomba rupia mia mbili." Muigizaji wetu, mtu mzima anayeheshimika mtaani kwake, alilisoma mara moja, akaiweka karatasi chini na kunieleza kwa upole kwamba yeye haombi kwa kitu kilichokatwa kwa mnyama, hata kwa mchezo. Mwanzoni niliona ni kikwazo. Baada ya siku mbili nikatambua kwamba amenifunulia tabia ya mzee ambayo mimi sikuiona: mtu wa hapa, aliyezoea kuomba kwa Mola wake mara tano kwa siku, hawezi kuushika mkono huo bila ya kujua anapokanyaga. Tukaandika, "Nataka." Analisema akiwa ameugeuzia mgongo ukuta wa kibla, kwa sauti ya mtu anayemwagiza mtoto dukani, na aibu yake inaonekana hadi safu ya nyuma. Hadithi ya Kiingereza haina aibu hiyo, nami ninaamini mchezo wetu ungekuwa mwepesi sana bila yake.

Sasa nije kwenye lugha. Serahangi anapoeleza habari za fakiri, maneno ya fakiri mwenyewe anayasema kwa Kikachi, kama alivyoyasikia, kisha anayatafsiri. Lakini tafsiri yake ni fupi kuliko maneno yenyewe, na wenyeji wake wanagundua kwamba kuna kitu amekibakisha. Mtoto anafanya mzaha, serahangi hacheki. Mzee mmoja jirani, ambaye Kikachi ni lugha ya nyumbani kwao, ndiye aliyemfundisha muigizaji wetu kila sauti kwa wiki tatu. Usiku wa kwanza alikaa mbele, na maneno yale yalipotamkwa aliinamisha kichwa. Waliokaa karibu naye wakawa wanamtazama yeye badala ya jukwaa.

Kiingereza tumekiweka mahali pamoja tu. Kampuni haimtumi bwana mkubwa bali karani, kijana wa hapa hapa, ambaye ameagizwa kuisoma barua kama ilivyoandikwa kabla ya kuitafsiri. Anasimama mlangoni na kofia mkononi, anasoma. Mama na mzee hawajui Kiingereza. Wanamkodolea macho na kungoja, mama hata anamwekea kiti. Lakini uani wamo vijana wa skuli, wamo walimu, wamo makarani, na wao wameshaelewa. Muda wa barua ile ni kama dakika moja, na ndani ya dakika hiyo nusu ya watazamaji wanajua kwamba mtoto amekufa ilhali mama anatabasamu kwa adabu. Usiku wa pili msichana mmoja alisema kwa sauti, "Bi mkubwa, usimpe kiti." Watu walituambia tuoneshe tafsiri ukutani kwa mashine ya mwanga ili kila mtu aelewe kwa wakati mmoja. Nilikataa, na nitaendelea kukataa, kwa sababu hofu yote ya sehemu ile imo katika kutofautiana kwa nyakati za kuelewa. Huo ndio ukweli wa visiwa hivi enzi za rupia: msiba wa mtu ulikuwa unaweza kuandikwa, kusainiwa na kusomwa mbele yake kwa lugha asiyoijua.

Karani anapotafsiri hatimaye, anasema kampuni inasikitika kwa ajali. Hapo sikuhitaji kubuni chochote, kwa sababu lugha ilikwisha kunifanyia kazi. Ajali kwa karani ni mashine na uzembe, jambo la kulipiwa au kutolipiwa. Ajali kwa mama ni ile ya asili ya neno, muda wa mtu uliokwisha kupangwa. Neno moja, na wawili wale wanaelewana kabisa bila ya kuelewana. Fakiri wa hadithi alitaka kuthibitisha kwamba kudura haiingiliwi; kwa Kiingereza ilimbidi Jacobs aiseme fikra hiyo kwa sentensi nzima.

Mama ni mtu wa Pemba aliyeolewa Unguja. Sehemu ya kwanza anazungumza Kiunguja mbele ya mgeni, kama wafanyavyo wengi, kwa kuwa lahaja ya mjini ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na wanaozungumza nyingine wamezoeshwa kuziacha bandarini. Baada ya msiba anarudi kwenye Kipemba na hakiachi tena. Muigizaji wetu ni mzaliwa wa Micheweni. Mimi nilimwandikia maneno kwa msaada wa kamusi ya lahaja iliyotolewa na BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, naye aliyarekebisha karibu yote, akawa kila mara ananiambia namna mama yake mzazi angeyasema. Mumewe anaendelea kumjibu kwa Kiunguja. Ndoa ya miaka 30 inagawanyika hapo bila ya ugomvi wowote.

Mtoto tulimwita Kombo, na sikuona wakati huo nimefanya nini. Wazazi wa hapa huitana kwa jina la mtoto, kwa hiyo baada ya maziko yeye bado ni Mama Kombo na mumewe bado ni Baba Kombo, na kila wanapoitana kwa jambo dogo la nyumbani, chumvi au maji ya kutawadhia, wanamtaja marehemu. Tulipofika kwenye usiku baada ya matanga, majamvi yakiwa yameshakunjwa na wageni wameondoka, muigizaji wa mama alisimama katikati ya mazoezi akasema hawezi kuliita jina lile tena. Tulipumzika kwa siku tatu.

Jambo jingine lililojipanga lenyewe ni maiti. Kwa Jacobs, baba peke yake ndiye anayejua mashine ilimfanya nini mtoto. Kwetu hilo halihitaji maelezo: mwanamume huoshwa na wanaume, mzee alikuwamo chumbani, mama hakuwamo.

Na ndipo tukafika mlangoni. Nyumba tuliyoazimwa ina mlango wa zamani wenye mfaa katikati, na komeo lake la juu ni refu kweli kwa mwanamke wa kimo cha kawaida, kwa hiyo hatukujenga chochote. Kijana wetu alikuwa akitoka uchochoroni na kugonga, kwanza polepole, kisha tena, kisha kwa nguvu, kama ilivyo katika hadithi. Sote tuliona ni sawa. Bibi wa jirani, aliyekuwa akitutazama kila jioni kutoka kwenye ngazi yake, ndiye aliyeuliza, "Na huyo anagonga tu? Hapigi hodi?"

Hakuna aliyemjibu. Hapa kwetu mlango haugongwi ukanyamaziwa. Mtu hupiga hodi, na hodi ni sauti, na sauti ina mwenyewe. Dini imetufundisha tupige mara tatu, na tusipojibiwa turudi tulikotoka. Tulijaribu siku ile ile kumpa kijana sauti, akasema hodi nyuma ya ubao, na kitisho chote kikaisha, kwa sababu sauti ilikuwa ya mtu, na mtu hukaribishwa. Tukaiondoa. Badala yake tulimfanya mama asubiri. Baada ya mlango kugongwa mara ya kwanza anasema, "Karibu," kwa mazoea. Baada ya mara ya pili anauliza, "Nani?" Baada ya mara ya tatu hasemi kitu, anasikiliza tu hodi isiyokuja, na mzee naye anasikiliza, na mimi nikiwa nyuma ya pazia nilisikia watu 60 uani wakiisubiri pamoja nao. Kisha mama anasema kwa Kipemba kwamba mwanawe ameumia, hana sauti, ndiyo maana hapigi hodi, na anaburura kiti.

Takwa la tatu mzee halitamki kwa lugha yoyote. Midomo inacheza tu, na kugonga kunakoma.

Sasa tumealikwa Chake Chake, kisiwani Pemba, nami nimegundua kwamba mchezo huu hauwezi kuvuka kama ulivyo. Huko mama hatakuwa anarudi kwenye lugha ya kwao, kwa kuwa kila mtu uani atakuwa wa kwao tangu mwanzo. Mgeni atakuwa mzee, na Kiunguja chake ndicho kitakachosikika kimesimama peke yake. Pengine yeye ndiye atakayepaswa kupoteza lugha badala ya mkewe. Nimeanza kuandika upya, nimeshapita sehemu ya serahangi na ya barua, na tangu juzi nimekwama pale anapouliza, "Nani?", kwa sababu sijaamua bado nani kati yao wawili aulize.