Fundi Kesho

Binti yangu kaja na kazi ya nyumbani: achore ukoo wake, kila mtu na kisanduku chake, mume na mke waunganishwe kwa mstari. Kafika kwa Mjomba, kakwama. Cha Mjomba kashakijaza, cha pembeni kakichora kwa kalamu ya wino, kitupu, ananitazama.

"Mama, mke wa babu fundi anaitwa nani?"

Hakuwa na mke.

"Waliachana?"

Hakuoa.

"Kwa nini?"

Mwanangu ana miaka kumi. Swali lake hilo Pangani yote ililiuliza kabla mimi mama yake sijazaliwa, na Mjomba alikuwa na jibu moja tu: kesho.

Ni jibu la kifundi. Fundi cherehani asiyesema uongo mimi sijamwona, na Mjomba hakuwa wa kwanza. Unampelekea kitambaa, unaambiwa njoo kesho; kesho ukienda, unakuta suruali yako ina mguu mmoja. Ila yeye uongo wake ulikuwa na adabu. Atakupa kiti, atakuulizia mgonjwa wako kwa jina, atakusifia kitambaa, na wewe utaondoka huna suruali na umeridhika. Watoto tulimwita Fundi Kesho. Wakubwa walitukataza, kisha nao wakamwita hivyo hivyo.

Baraza yake ilikuwa kwenye njia ya kushukia pantoni, kwa hiyo kila anayevuka kwenda Bweni alipita hapo. Mkesha wa Idi watu walilala pale pale wakisubiri kanzu zao, na harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi ilifika mpaka kwetu. Kwa futi yake aliujua mji kuliko mganga: nani kapungua kiuno ghafla, binti gani gauni limeanza kumbana tumboni kabla ya mama yake kujua. Hakusema. Aliongeza nafasi kwenye mshono, akanyamaza.

Na mji ukamsema yeye. Wengine walisema hana nguvu. Wengine kwamba kashikwa na jini mahaba, jini wa kike mwenye wivu asiyemwachia mwanamume aoe. Bibi, mama yake, alimpeleka kwa mganga mara mbili. Mjomba alikwenda bila ubishi. Mara ya pili alirudi na oda: kanzu mbili za mganga.

Lakini siku yenyewe ni ile ya Shaabani, mwaka 1992. Kaskazi ilikuwa inavuma, joto la kukausha mate, na kazi za Idi zimeshaanza kurundikana. Mimi nina miaka tisa, niko chini ya meza ya cherehani naokota pini kwa sumaku ya spika mbovu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na malipo yake vipande vya vitambaa vya kumshonea mwanasesere.

Nikaona miguu. Makubadhi matatu ya wazee, na kandambili za Bibi. Wakakaa kwenye benchi.

"Mwanetu," akaanza mzee mmoja, "tumekuja kwa jambo la kheri. Ramadhani hiyo inabisha hodi. Tukasema, kabla ya mwezi kuandama..."

Cherehani ikanguruma. Mzee akangoja. Ikanyamaza, akaanza tena.

"Yuko binti ng'ambo hapo Bweni, mtoto wa watu..."

Ikanguruma tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Mwanangu, iache hiyo mashine," Bibi akasema.

"Naacha, mama. Namalizia mshono huu."

Ikawa hivyo. Neno mke likikaribia, Mjomba anakanyaga. Wazee walikuwa waungwana, hawakutaka kushindana sauti na chuma. Waliongea vipande vipande, kama redio inayokatika. Nami kule chini nikaona jambo ambalo wao juu hawakuliona: mkanda ulikuwa umetoka. Ule mkanda wa ngozi unaozungusha mashine ulikuwa unaning'inia pembeni ya gurudumu kubwa, umelegea kama nyoka aliyekufa. Alikuwa anakanyaga gurudumu tupu. Sindano haiendi. Juu kule, mikono yake inavuta kitambaa taratibu, inakigeuza, inakilaza, kama mtu anayeshona kweli.

Nikaziba mdomo nisicheke. Niliona ni mchezo mzuri kuliko yote duniani, na kwamba duniani tunaujua wawili tu. Nikautazama mguu wake. Alikuwa amevua kandambili, na vidole vimeshika chuma cha kukanyagia kwa nguvu, kucha zimekuwa nyeupe. Kisha akainama kama anayetafuta pini iliyoanguka. Macho yetu yakakutana. Nilikuwa nimeshaweka tabasamu tayari. Hakulipokea. Alinitazama tu, jasho linamdondoka puani, na mguu haukusimama.

Adhana ya alasiri ndiyo iliyomwokoa. Wazee wakainuka wakatafuta makubadhi yao.

"Tutarudi, Inshallah."

"Karibuni kesho," Mjomba akasema.

Hawakurudi kwa jambo lile. Yule binti wa Bweni nasikia aliolewa Muheza.

Mengine ni haraka tu. Mitumba ilikuwa imeshaingia tangu enzi za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, na waliokuwa wakipanga foleni kutafuta kitambaa sasa wanachagua suruali chini, sokoni, na kuivaa leo leo. Mjomba akabaki na sare za shule kila Januari, na kukunja pindo za mitumba ya watu. Alifariki usingizini. Siku tatu za msiba watu walikuja kutupa pole, wakasoma, wakala, halafu mmoja mmoja wakanivuta pembeni: pole sana mwanangu, na ile suruali yangu je? Tuligawa kwa kukisia viuno. Ilibaki moja ya khaki isiyo na mwenyewe, na mume wangu anaivaa shambani.

Nimewahi kumsimulia mama habari ya mkanda. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaniuliza kama nina hakika haukutoka wenyewe. Sina. Mikanda ile hutoka. Labda alikuwa hajui. Ila mtu aliyeshona miaka ishirini, mguu wake haujui kwamba gurudumu ni tupu?

"Basi nikifute?" mwanangu ananiuliza.

Namwambia ajaribu. Anasugua kwa kifutio, wino hautoki, karatasi inaanza kuota manyoya.

"Kitatoboka, mama."

Basi, acha.