Tumeenda kwa macho, tumerudi na figo

Ndiyo tumefika Kadutu, hapa Bukavu, sasa hivi, mimi na binti ya dada yangu. Ana miaka 14.

Wiki tatu macho mekundu, mwanga unamuuma. Tukasema vumbi la Bukavu, tukanunua matone ya farmasi. Homa ikaja, akakonda. Tukasema malaria (sisi kila kitu ni malaria). Kipimo kikakataa.

Leo daktari wa macho amemwangalia kwenye mashine yake, akanyamaza, kisha akauliza: "Mkojo wake mlishapima?"

Mkojo? Nilidhani nimesikia vibaya.

Kreatinini (uchafu wa damu ambao figo huuchuja) iko juu. Figo zimevimba, na ndani ya macho yote mawili pia kuna uvimbe. Wanaita TINU, ugonjwa wa figo na macho kwa pamoja. Ni nadra, huwapata zaidi vijana, wasichana hasa. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1975, kwa wasichana wawili. Kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe.

Amepewa prednizoloni (dawa ya kutuliza kinga na uvimbe) na matone mengine. Figo mara nyingi hupona, ila macho yana tabia ya kurudia, kwa hiyo kliniki bado tutaizoea.

Kwenye pikipiki alijifunika kitenge changu kichwa kizima. Tulipopita pale ziwa linapoonekana, akainua pembe kidogo.
"Mama mdogo, liko palepale?"
Nikamwambia liko. Akafunika tena.

Nani hapa ana mtoto aliyetumia prednizoloni muda mrefu? Chumvi mlimpunguzia vipi? Huyu bila sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hali chakula.