Kadibodi kavu: MX-5 yangu, mwaka wa 11

Leo ni siku ya tisa tangu nilaze kadibodi chini ya gari kunasa oili inayovuja, na kadibodi ni kavu. Sisemi oili imepungua, sisemi limebaki tone moja. Kavu. Asubuhi nimeivuta, nikaigeuza kwenye mwanga, nikaipitishia kidole pale panapolowa kila siku. Vumbi tu. Nimefukuzana na tone hilo kwa miezi 14, na sijui kama kuna kitu ningeweza kuongeza kwenye injini hii kikanifurahisha kama hili.

Gari ni lile lile, Mazda MX-5 ya viti viwili: kizazi cha kwanza, la 1990, injini ya 1.6, gia tano. Lina kilomita 214,000, na zaidi ya nusu ya hizo nimeziendesha mimi. Shokapu, breki na rejeta ya alumini nilishaviandika huko nyuma, sitavirudia.

Tone lilikuwa likidondokea pale injini inapokutana na giaboksi, kwenye kitundu cha chini cha nyumba ya klachi. Yeyote aliyewahi kulala chini ya gari akiona tone mahali hapo atakwambia neno moja: sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili mwishoni mwa mhimili mkuu wa injini. Fundi niliyemwonyesha alisema hivyo, rafiki zangu wawili wakasema hivyo, na mimi mwenyewe nilishasema hivyo kabla yao. Nikashusha giaboksi.

Wenye gari hili wanajua uzito wa sentensi hiyo. Giaboksi haitoki mpaka ufungue ile fremu ndefu ya alumini inayoishika pamoja na difu, na ukishaifungua mkia wa giaboksi unalala chini. Siku ya kurudisha lazima uunyanyue kwa jeki na kupima kimo chake kabla hujakaza, la sivyo utaletewa mtetemo ambao hukuwa nao. Nilifanya yote hayo, peke yangu, wikiendi mbili.

Na hapa ndipo panaponiuma. Nilipofungua klachi, ndani palikuwa pakavu. Sahani ya klachi kavu, uso wa flaiwili, lile gurudumu zito mwishoni mwa krenki, mkavu, kuta za ndani zina unga wa klachi tu. Sili ya krenki ikivuja, flaiwili huirusha oili na kuipaka pande zote, unakuta mduara mweusi ndani ya nyumba ya klachi. Mduara haukuwepo. Niliuona ukavu ule kwa macho yangu mawili, nikaupiga picha, halafu nikabadilisha sili hivyo hivyo kwa sababu nilishaamua nakwenda kubadilisha sili. Bolti za flaiwili nikazikaza kwa msalaba mpaka kipimo, nikafunga, nikaosha, nikaendesha. Wiki mbili. Tone.

Sikuipoteza kazi yote. Nikiwa mle nilibadilisha mpira mdogo wa chini ya mkono wa gia, uliokuwa umechanika kabisa, pamoja na kile kikombe cha nailoni cha mwisho wa mkono, nikatia oili mpya kwenye kisima cha mkono wa gia, ambacho kina oili yake peke yake na wengi hawakijui. Gia sasa zinaingia kwa mlio mdogo wa chuma safi, tak, tak, kama siku niliyolichukua. Kama mkono wako wa gia unachezacheza na unapuliza joto mguuni, anzia hapo kabla hujafikiria mkono mfupi wa kununua.

Kurudi kwenye tone. Mshukiwa wa pili alikuwa gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini. Nikaweka mpya, na silikoni kidogo kwenye zile kona ambapo vifuniko vya kemshafti, mihimili inayofungua vali, vinakutana na kichwa cha injini, mbele na nyuma. Kuhusu kukaza nina msimamo mkali: bolti za kava hii zinataka nguvu ya kukaza kati ya Nm 5 na 9 hivi. Toki renchi kubwa, ile ya matairi inayolia bolti ikifika kipimo, haina habari na kipimo hicho. Utasubiri ilie mpaka uzi wa alumini utoke na bolti. Tafuta ndogo ya robo inchi. Ndicho kifaa nilichochelewa kuwa nacho kuliko vyote, na sasa ndicho ninachokishika mara nyingi kuliko vyote. Lakini tone? Lipo.

Nikajaribu rangi ya kung'aa, ile unayotia kwenye oili halafu unamulika kwa taa ya zambarau. Wengine wanaiapia. Mimi kwa injini ya umri huu siitaki tena. Kila mahali palipowahi kulowa pakawaka kijani, na oili ikishatambaa na kupeperushwa na upepo wa chini ya gari, unatazama ramani yenye barabara elfu moja bila kujua safari ilianzia wapi.

Kilichonipa jibu ni poda. Poda nyeupe ya kawaida, ya mwilini. Niliosha mgongo wote wa injini kwa kiondoa grisi, mara tatu, na brashi ya meno, mpaka chuma kikarudi rangi yake. Nikakausha kwa hewa. Nikanyunyiza poda mgongo mzima, toka juu ya kichwa mpaka kwenye shingo ya giaboksi. Nikawasha, nikaiacha ipate moto, nikaipandisha raundi kidogo kwa dakika 20, nikazima, nikaingiza kioo kidogo cha fundi na tochi nyuma ya kichwa.

Mstari mmoja. Mwembamba kama uzi, wa kijivu kilichokolea katikati ya weupe. Ulianzia chini ya sensa ya pembe ya kemshafti, inayoiambia kompyuta ya gari wakati wa kuwasha cheche, ile inayokaa mgongoni mwa kichwa cha injini ikitazama ukuta wa ndani, ukashuka kwenye ukingo wa kichwa, ukagusa bomba la hita, ukalizunguka, ukaachia na kwenda kutua juu ya giaboksi. Kutoka hapo ulipita ubavuni mwa nyumba ya klachi, kwa nje, mpaka kwenye kitundu cha chini. Kwa nje! Nilikaa nimeshika kioo kile muda mrefu.

Bomba la hita lenyewe lilikuwa limevimba na kuwa laini kama sifongo pale oili ilipokuwa ikilipitia. Mpira wa maji na oili ya injini havipatani. Nililikata na kuweka jipya, na nashukuru nililiona kabla halijapasuka safarini.

Sasa, kuitoa sensa. Bolti ni moja tu, soketi ya 12. Moja! Lakini iko upande ambao mkono hauingii, ukuta uko nyuma yake, na koili za plagi zimekaa jirani. Siku ya kwanza nilijaribu bila kutoa koili nikaambulia vidole vilivyochubuka. Siku ya pili nilitoa koili, nikalala juu ya injini nimetandika blanketi, nikatumia racheti ya robo inchi na ekstensheni fupi, nikafungua kwa kuhisi bila kuona, robo zamu, robo zamu. Kabla ya hapo nilichora mkwaruzo kwa msumari kwenye sensa na kwenye kichwa ili irudi palepale. Usiruke hatua hiyo.

Oringi iliyotoka, ile pete ya mpira inayoziba oili kwenye sensa, haikuwa oringi tena. Ilikuwa bapa pande zote, imeng'aa, ngumu kama bangili ya plastiki. Niliikunja kwa vidole viwili ikakatika vipande. Kipande hicho cha mpira ndicho kilichonishushia giaboksi. Nimeweka ya vitoni badala ya ile ya kawaida, kwa sababu mahali pale pana joto kali na hewa haizunguki, na vitoni inavumilia joto hilo bila kukakamaa. Nikaipaka oili safi, nikairudisha sensa kwa kuisukuma huku nikiizungusha kidogo, ikaingia kwa ule ugumu mzuri unaoujua mkononi.

Halafu taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, maana hata mkwaruzo ukilingana hauaminiki. Waya mfupi kutoka tundu la TEN kwenda tundu la GND kwenye kisanduku cha uchunguzi, raundi 850, taa ya taimingi mbele. Kitabu kinataka digrii 10 kabla pistoni haijafika juu. Nimeipeleka 14, kama wengi wenye injini hii wanavyofanya, na natumia mafuta ya okteni ya juu. Nimeisikiliza mlimani kwenye gia ya nne raundi zikiwa chini: haigongi. Na mguu wa kulia umeona tofauti, hasa pale unapoanza kukanyaga.

Nikiwa mbele na ile taa nikaihesabu tena mipasuo ya pulei ya krenki. Minne. Maana yake hii ni krenki ya mwanzo, ya pua fupi, ile ambayo bolti ya mbele ikilegea inakula mfereji wa ufunguo wake, kile kipande cha chuma kinachoshikanisha pulei na krenki. Niliitazama pulei ikizunguka kwa dakika nzima. Imetulia, haiyumbi. Kila nikiwa pale mbele nitaitazama.

Mpango wa mwezi huu ulikuwa bushi za poliyurethani kwenye wishboni zote, ile mikono inayoshika magurudumu. Ziko kwenye boksi, na zitabaki kwenye boksi, kwa sababu kile kioo kilinionyesha kitu kingine: mlango wa maji ulioko mgongoni mwa kichwa, unaolisha hita tu. Injini hii ilitengenezwa kukaa kwa upande kwenye Mazda 323, na huko maji yalitokea mgongoni baada ya kupita silinda zote. Walipoigeuza iangalie mbele kwenye MX-5 walihamishia njia ya kutokea na themostati, kile kifungua maji injini ikipata moto, mbele. Kwa hiyo maji yanaingia mbele na kutoka mbele, na silinda ya 4 inaambulia mzunguko hafifu kuliko wenzake. Dawa yake inajulikana: unaziba mbele, unarudisha themostati nyuma, unavuta bomba refu mpaka kwenye rejeta.

Nilikuwa na hakika sitaifanya, maana nafasi ya nyuma ni finyu. Lakini sasa koili zimetoka, bomba la hita ni jipya, na mkono wangu umeshaijua ile njia. Jioni hii nimeikata ile kadibodi kavu kuwa kielelezo cha kibao cha kuungia themostati, nikaijaribisha mara nne, na mara ya nne imepita kando ya sensa bila kuigusa, imebaki nafasi ya milimita 6. Chini ya gari nimelaza kadibodi nyingine.