Mlima Kenya: kwanza niambie utalala wapi

Watu wakiniuliza kuhusu kupanda Mlima Kenya, swali la kwanza huwa ni njia, yaani tuingilie Sirimon au Naro Moru au Chogoria, la pili ni siku ngapi, na wengi wanataka niwaambie tatu manake wana wikendi na siku moja ya ruhusa kazini. Mi nawarudishia swali moja tu: utalala wapi kila usiku, na hapo pana mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Wengi hawana jibu, wana picha ya kilele kichwani na ramani ya kwenye simu basi.

Nimeanza kuuliza hivo baada ya safari yangu ya kwanza. Tulikuwa wanne, tukachagua Naro Moru kwa sababu ndo ilionekana fupi kwenye ramani. Usiku wa kwanza tukalala Met Station, mita 3,050, na usiku wa kabla ya hapo kila mtu alikuwa kitandani kwake nyumbani. Siku ya pili tukapanda lile eneo linaitwa Vertical Bog, ni tope na nyasi zilizokaa mafungu mafungu, unaruka kutoka fungu hili hadi lile na ukikosea mguu unazama hadi juu ya buti, alafu mvua ya mchana ikatukuta humo humo. Jioni tukafika kambi ya Mackinder's, mita 4,200. Yaani tumepandisha kitanda mita 1,150 kwa siku moja na tulikuwa tunapongezana kabisa kwamba tumewahi.

Rafiki yangu ndo alikuwa na nguvu kutushinda sote, mtu wa kukimbia mbio ndefu, siku nzima yeye ndo alitangulia. Saa mbili usiku akakataa chai. Saa nne akaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha kukatakata, akawa hawezi kulala chali anasema hewa haimtoshi, amekaa tu ameegemea begi, na ukimsikiliza anahema kama mtu aliyetoka kupanda ngazi ilhali hajainuka tangu jioni. Mpagazi mmoja mzee akaja na tochi, akachuchumaa mlangoni pa hema. Hakumuuliza anaumwa wapi. Alimuuliza, "Kijana, jana ulilala wapi?" Met. "Na juzi?" Nyumbani. Hakuongeza neno, akaanza kukunja mfuko wa kulalia wa rafiki yangu wakati sisi wengine bado tunajadiliana kama tusubiri kukuche.

Tuliteremka usiku ule ule, mmoja mbele na taa, mmoja ameshika begi lake kwa nyuma asianguke kwenye lile tope. Tulipofika Met asubuhi alikuwa anaongea sentensi nzima bila kukatika. Daktari baadaye alituambia maji yalikuwa yameanza kuingia kwenye mapafu, ni ugonjwa wa mwinuko huo, na mazoezi ya mbio hayamkingi mtu hata kidogo, tena wenye nguvu ndo huponzwa manake miguu inawapeleka juu haraka kuliko damu inavyozoea hewa.

Basi kwangu ratiba ya mlima ni ratiba ya kulala. Kanuni inayojulikana na watu wa milimani kokote ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu nne ulale pale pale mara mbili. Mchana unaweza kwenda juu zaidi ya hapo, haina shida, ni vizuri hata, mradi ukalale chini. Sasa chukua kanuni hiyo uiweke juu ya Mlima Kenya utaona tatizo linajitokeza lenyewe: kambi zenyewe hazikupangwa hivo. Kwa Sirimon kambi ya kwanza ni Old Moses, mita 3,300, na inayofuata ambayo kila mtu anaenda ni Shipton's, mita 4,200. Ni 900 hizo. Mwenye kulala kwenye vibanda hana namna, ila mwenye hema ana namna, na hii ndo sababu kubwa mi nabeba hema hata kama begi linanivunja mgongo. Hema linakupa kambi ya katikati.

Ratiba ninayoipenda ni hii. Usiku wa kabla lala Nanyuki, tayari upo karibu mita 1,950. Siku ya kwanza kutoka geti la Sirimon hadi Old Moses ni kama kilomita tisa, unatembea polepole. Siku ya pili usihame, panda vilima vya juu ya kambi masaa matatu manne, rudi ule ulale pale pale. Hapa ndo watu hunikatalia, wanaona ni siku imepotea. Haijapotea, hiyo ndo siku unayoilipia ili usiku wa Shipton's uwe wa usingizi badala ya kuhesabu masaa. Siku ya tatu nenda Liki North, karibu mita 4,000, mahali patulivu penye kijito na kibanda kidogo, na hata hapo bado unavuka ile kanuni kidogo lakini umeshapumzika. Siku ya nne Shipton's. Kutoka Liki hadi pale si mbali, unafika mchana, unapata jioni nzima ya kutazama ile miamba ya Batian na Nelion imesimama juu yako. Usiku huo unaamka saa nane, unaondoka saa tisa kwenda Lenana, kilele ambacho mtu anafika kwa kutembea, mita 4,985, jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu.

Batian, mita 5,199, na Nelion, 5,188, ni za watu wa kamba, si za kutembea, usidanganywe na mtu. Na majina yenyewe, Batian, Nelion, Lenana, yanatokana na malaibon, yaani viongozi wa kidini, wa Wamaasai, yalibandikwa na Mackinder, Mwingereza aliyefika Batian mwaka 1899. Wenyeji wa pande zote za mlima walikuwa na majina yao na maombi yao kuuelekea mlima huu kabla ya hapo, Kirinyaga ukitaka kwa Kikuyu, na mi napenda mtu anayepanda ajue hilo.

Kushuka nashukia Chogoria. Upande huo ni mrefu lakini sijaona pazuri pengine kama Gorges Valley unapoitazama kutoka ukingo wa The Temple, na Ziwa Michaelson limelala kule chini kabisa kama sarafu iliyodondoka. Usiku wa mwisho ni Ziwa Ellis, chini ya mita 3,500, na huko mtu analala kama mtoto mchanga manake hewa inahisi nzito unaweza kuila.

Majira: Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba ni mvua. Hata kiangazi mawingu hupanda mchana, kwa hiyo toka kambini mapema, saa moja uwe njiani, saa nane uwe umeshasimamisha hema.

Kuhusu vibali, kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kinalipwa mtandaoni kabla hujafika getini, usibebe noti ukitegemea kulipia pale, na usiende peke yako, chukua mwongozaji. Hesabu ada ya kambi kwa kila usiku pia, watu husahau wanalipia kiingilio tu. Alafu mwachie mtu nyumbani ile ratiba ya kulala, imeandikwa, na siku ya mwisho ambayo akikosa kukusikia apige simu, manake mtandao huko ni wa kuokoteza.

Sasa chakula, hapa nataka nikae kidogo. Kadiri unavyopanda maji huchemka kwa joto dogo. Pale Shipton's yanachemka kwenye digrii 86 hivi, yanatokota kweli, mvuke unaona, lakini githeri utaipika hadi gesi iishe na bado mahindi yanagonga meno. Niliwahi kubeba maharage makavu, tuliyatokosa masaa mawili tukayamwaga kwenye mfuko wa taka na kuyabeba hadi nyumbani. Kwa hiyo beba vitu vilivyoshaiva au vinavyoiva upesi: chapati za siku mbili za kwanza, ndengu ulizopika ukazikausha, tambi nyembamba, uji, njugu, sukari guru. Usiku wa juu hamu ya kula hupotea, uji unapita hata kama kingine hakipiti.

Na gesi yenyewe. Ile ya kopo la kawaida ni butane, na butane ikifika digrii sifuri haigeuki mvuke, unafungua jiko linatoa kamwali kadogo ka buluu alafu kanakufa. Kopo halijatoboka, limejaa, ukilitikisa unasikia, ila haliwaki. Lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia, pamoja na simu na betri za taa, alfajiri litawaka. Chupa ya maji ipindue kichwa chini, barafu huanza juu, kwa hiyo ukiipindua ule upande wa mdomo unabaki na maji. Chini ya mwili weka mkeka mzito wa povu hata kama umenunua mfuko wa bei gani, manake uzito wako unaubana ule mfuko unakuwa bapa na ardhi inakunyonya joto usiku kucha. Nguo za kulalia ziwe kavu na ziwe za kulalia tu, zimefungwa kwenye nailoni, hata ukinyeshewa mchana mzima usiziguse hadi uingie hemani.

Kuna asubuhi moja Liki niliamka kabla ya jua, hema limekuwa gumu kama bati kwa barafu, nikatoka kuchota maji nikapita karibu na lobelia moja, zile zilizotanda majani kama kabichi kubwa chini. Katikati ya majani kulikuwa na maji na juu ya maji kioo chembamba cha barafu. Nikakigusa kwa kidole kikapasuka, chini yake maji hayakuganda, na ndani ya maji lile chipukizi la kijani, zima kabisa. Ndivyo linavyojikinga, ule ukoko wa juu unazuia baridi isishuke. Sijavunja tena, na nakuomba na wewe usivunje, maana nilijuta pale pale.

Moto wa kuni usiwashe kabisa, nyasi zile zinashika upesi mno, Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la mlima huo. Chakula kifunge, pimbi wa Shipton's wanafungua begi mbele ya macho yako. Chini kwenye msitu kuna nyati na tembo, usitembee giza huko. Choo kama hakuna kibanda, chimba kina cha kiganja na ukae mbali na maji hatua 80 au zaidi, kila mtu wa chini yako anakunywa kijito hicho hicho, ndo maana pia maji yachemshe au uyachuje.

Jambo ambalo sitaki kulipita haraka ni wapagazi. Kabla hujaondoka getini tazama walichovaa. Mara mbili nimeona watu wamebebewa hema la kifahari na mtu mwenye raba zilizotoboka na sweta moja, analala kwenye baridi ile ile. Kubaliana malipo mapema, hakikisha ana koti na mfuko wa kulalia, hakikisha kwenye hesabu ya chakula yumo. Kama hela haitoshi kwa hilo basi punguza vitu vyako ubebe mwenyewe, au subiri msimu ujao.

Na dalili za ugonjwa wa mwinuko zijue kwa moyo kabla ya kwenda, usingoje kusoma huko. Kichwa kikiuma kidogo na ukikosa hamu ya kula, unabaki ulipo, hupandi. Kikohozi na kuhema ukiwa umekaa, au mtu anayumba, anaongea mambo yasiyoshikana, mwambie atembee mstari mmoja kisigino kikigusa vidole, akishindwa anashuka saa hiyo hiyo na mtu wa kumsindikiza. Saa ngapi usiku, mvua kiasi gani, kilele kimebaki dakika ngapi, hayo hayaulizwi. Weka kwenye ratiba siku moja ya ziada isiyo na kazi, ukishuka usiku na mgonjwa usiwe unawaza basi la kurudi mjini.

Rafiki yangu yule anarudi Januari. Ameniandikia juzi, ametuma ratiba yake mwenyewe, mistari sita tu, jina la kambi na mita, jina la kambi na mita, kilele hata hajakiandika. Tumebishana usiku mmoja tu, ule wa tatu, yeye anataka tukae Old Moses usiku wa tatu pia ndo twende Liki, na mi nimeshaanza kuhesabu uji wa kutosha.