Nimerudi Amu na kipande cha makaa

Shangazi hakungoja nifungue sanduku. Alilifungua mwenyewe, akatoa sabuni, akatoa chokoleti, akatoa shali ya mama, kisha akakuta soksi iliyofungwa fundo. Ndani mna kipande cheusi, ukubwa wa limau. Akakigeuzageuza, akajifuta vidole kwenye leso, akanitazama.

"Miaka tisa Ulaya, watuletea makaa? Kwani Amu makaa yamekwisha?"

Ami, ndugu wa baba, alikuwa barazani na kikombe chake cha kahawa. Akasema bila kugeuza shingo: "Hayo si makaa, ni mawe. Muulize mwenyewe, yeye ndiye fundi wa mambo hayo."

Neno hilo nilikuwa nikilingoja tangu Mokowe, gati la bara la kuvukia kuja kisiwani. (Safari yenyewe sina la kueleza. Basi sasa lateleza kwenye lami, zamani kutoka Garsen tulikuwa twala vumbi, na mvua ikinyesha twalala njiani. Mji wetu wa Amu, au Lamu, ni ule ule, punda ni wale wale.)

Niliondoka mwaka 2016, mwaka ule ule ambao mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulipewa leseni. Ulikuwa ujengwe Kwasasi, bara, kaskazini ya kisiwa chetu: megawati 1,050, na bomba la moshi la mita 210 kwenda juu, karibu na mji ambao nyumba zake nyingi hazipiti ghorofa tatu. Mimi nilikuwa na diploma na sina kazi, na mtambo niliutaka. Nilisimama mkutanoni nikasema wazee wameshakula ujana wao, watuache na sisi tule wetu. Ami alikuwa safu ya mbele. Ni mvuvi, maneno yake ni ya kuhesabu, na pale hakunijibu. Jibu lake nililiona siku ya kusafiri, asipokuja gatini kuniaga.

Nilikwenda Cardiff kusoma. Pesa zikaisha kabla ya masomo, nikaishia kulea wazee katika bonde la Aber, huko huko Wales, kwenye kijiji kiitwacho Senghenydd. Wageni wengi hulivunjavunja jina hilo. Mimi halikunipa taabu, maana dd ya Kiwelshi ni dh yetu, ile ya dhahabu na dhiki. Mzee wa kwanza niliyemtamkia sawasawa alicheka mpaka nikaishika mashine yake ya oksijeni isianguke.

Nyumba za kule zimeshikana ukuta kwa ukuta kama za mtaa wa Mkomani hapa Amu, ila mawe yake ni ya kijivu na mvua haijui kunyamaza. Kabla ya makaa palikuwa na mashamba ya kondoo tu. Mgodi wa makaa uitwao Universal ulianza kuchimbwa mwaka 1891, watu wakamiminika, na makaa yakateremshwa kwa reli hadi bandarini. Makaa ya mabonde yale ndiyo yaliyoendesha meli za moshi duniani. Wazee wetu waliopeleka boriti Adeni kwa majahazi walizikuta meli hizo zimetia nanga zikipakia makaa, na mengi yalikuwa yametoka huko. Nilipowaambia haya barazani, Ami aligeuza shingo kwa mara ya kwanza.

Mzee niliyemlea, mchimbaji mstaafu wa makaa, nilimwogesha kila asubuhi. Mgongoni na mikononi alikuwa na michirizi ya buluu, mithili ya wino uliomwagika chini ya ngozi. Siku ya kwanza nilidhani ni uchafu, nikasugua. Akaniambia nisijisumbue, haitoki. Mchimbaji akikatwa na jiwe, vumbi la makaa huingia kidondani, ngozi ikafunga juu yake, na alama ikabaki mpaka kaburini. Nilihesabu kumi na moja. Ile ndefu kuliko zote ilianzia begani ikashuka hadi kwenye kiwiko, na hiyo hakupenda kuulizwa.

Babu yake alikufa Universal tarehe 14 Oktoba 1913. Ilikuwa Jumanne, saa mbili na kitu asubuhi. Gesi ililipuka, vumbi la makaa likashika moto, na moto ukakimbia kwenye njia za chini kama mtu aijuaye nyumba. Walikufa wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja. Hakuna ajali ya mgodi iliyoua watu wengi kuliko hao katika historia ya Uingereza. Waliachwa wajane zaidi ya 200, na miongoni mwa maiti kulikuwa na watoto wa miaka 14. Shimo hilo hilo lilikuwa limeshaua watu 81 mwaka 1901, kwa mlipuko wa aina hiyo hiyo. Sheria ya mwaka 1911 ilitaka feni za migodi ziweze kugeuza mkondo wa hewa, na ya Senghenydd ilikuwa haijarekebishwa hivyo. Mahakama ilimtoza meneja pauni 24 na kampuni pauni 10. Gazeti moja likapiga hesabu: kila roho ilitoka kwa shilingi moja, peni moja na robo.

Mzee alikuwa akiitaja bei hiyo kama mtu anayetaja bei ya mkate.

Mwezi haukupinduka mara mbili, watu wakarudi shimoni. Hapo ndipo nilipokuwa sielewi. Baba yake aliingia akiwa mtoto, naye mwenyewe akachimba Windsor, mgodi wa jirani, mpaka ulipofungwa mwaka 1986. Na siku zote akizungumzia Windsor uso wake ulikuwa ukinawiri. Wenzake, utani wao gizani, kwaya yao. Hata jina la farasi mmoja wa mgodini alilikumbuka.

Lakini kuhusu Aberfan hakuwa na utani. Ni kijiji cha bonde la pili. Uchafu wa mgodi ulirundikwa juu ya mlima, na rundo nambari 7 likawekwa juu ya chemchemi. Ijumaa tarehe 21 Oktoba 1966 liliporomoka juu ya shule ya msingi, muda mfupi baada ya watoto kuingia darasani. Wakafa watu 144, na 116 kati yao ni watoto. Marundo mengine yaliyobaki juu yalipotakiwa yaondolewe, zilichukuliwa pauni 150,000 kwenye mfuko wa rambirambi wa wafiwa wenyewe kugharimia kazi hiyo. Zilirudishwa mwaka 1997. Nilipoisikia habari hii nilikumbuka kwamba katika ule mkutano wetu niliposimama kusema, hata mara moja sikuuliza majivu yatamwagwa wapi.

Juni 2019 simu yangu iliingia ujumbe wa sauti. Ni Ami, baada ya miaka mitatu ya kimya. "Tumeshinda." Basi, neno moja. Baraza la rufaa la mazingira lilikuwa limeifuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Nikampa mzee habari huku namvisha fulana. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akauliza: "Na vijana watafanya kazi gani?"

Mtu aliyetoka kwenye bonde ambalo mashimo yalifungwa na kazi haikuja nyingine, ana haki ya kuuliza. Sikuwa na jibu.

Wiki ya pili baada ya kurudi, Ami alinipitia alfajiri, nikambusu mkono, tukaingia mashuani. Tulipita mlango wa bahari wa Mkanda, mikoko huku na huku, tukatokea upande wa bandari mpya, ile ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Hakuisema kwa jema wala kwa baya, alinionesha kwa kidole tu mahali alipokuwa akitega zamani. Kwasasi ni vichaka na mashamba. Mwaka jana, 2025, mahakama ya Malindi iliishikilia hukumu ile ile, na pale ambapo bomba lingesimama nilimwona mama mmoja na jembe.

"Na hao wazee wako," akasema Ami, "kazi yao walikuwa waipenda?"

"Walikuwa waipenda, Ami."

Akafua maji kwa kopo, moja, mbili, tatu.

"Na wana wao waliwatia mumo?"

"Aliyeweza kumzuia mwanawe alimzuia."

Hakuongeza kitu, nami sikumwomba radhi kwa maneno yangu ya mkutanoni, ingawa hilo ndilo nililopanda mashua kulifanya. Tulirudi na changu wanne na tafi mmoja. Jioni vijana wa mtaa wa Langoni walinizunguka, swali lao ni moja: huko kuna kazi? Niliwapa namba ya mtu wa viza.

Kipande chenyewe nilipewa siku ya kuaga. Kilikaa dirishani mwa mzee tangu siku yake ya mwisho Windsor. Nilimweleza shangazi yote hayo, na bado hakuridhika mpaka ajaribu. Akakipachika kwenye seredani, juu ya makaa yaliyokolea, chini ya dele la kahawa. Kwa muda hakuna kitu. Kisha ukatoka moshi mzito, na harufu kama ya baruti na yai bovu. Jirani akapaza sauti kutoka darini kwake: "Mwachoma nini nyinyi?" Shangazi akakinyakua kwa koleo, akakitupa kwenye ndoo, kahawa ikamwagika na lawama ikawa yangu.

Kimebaki nusu. Ami ndiye aliyekiokota, akakipangusa, akakiweka kwenye kidaka, baina ya sahani ya Kichina na redio yake isiyoshika stesheni.