"Ni nani aliyetushambulia?" Swali la bodi linalohitaji subira

Mifumo ikizimwa na wadukuzi, swali la kwanza kwenye kikao cha bodi huwa "ni nani?" Kuuliza si kosa. Tatizo ni kulazimisha jibu siku hiyohiyo. Timu ya usalama ikibanwa itaje jina, italitaja, na jina hilo litaingia kwenye muhtasari wa kikao, kisha kwenye barua kwa kampuni ya bima, kisha kwa waandishi wa habari. Likishafika huko halifutiki.

Swali hilo moja lina maswali matatu ndani yake: mashine zipi zilitumika, kundi gani liliziendesha, na nani alilituma kundi hilo. Anwani ya IP (namba inayotambulisha kompyuta kwenye mtandao) hujibu la kwanza tu, tena nusunusu, kwa sababu mara nyingi ni seva ya kukodi au kompyuta ya mtu mwingine ambaye naye kadukuliwa. Hata majina ya makundi yanachanganya. Kundi la wadukuzi la Sandworm, kwa mfano, linaitwa pia Voodoo Bear, APT44 na Seashell Blizzard, kutegemea kampuni inayoandika ripoti.

Ushahidi wa kiufundi nao hughushiwa. Februari 2018, wakati wa ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi kule Pyeongchang, Korea Kusini, mitandao ya waandaaji iliangushwa na programu hasidi iliyoitwa Olympic Destroyer. Ndani ya faili za programu za Windows kuna kisehemu kiitwacho Rich header, ambacho zana za Microsoft hukiandika zenyewe kuonyesha matoleo ya kompaila (zana inayogeuza msimbo kuwa programu) yaliyotumika. Kisehemu hicho kilifanana kabisa na cha Lazarus, kundi linalohusishwa na Korea Kaskazini. Watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa mtandao, walipolinganisha kisehemu hicho na msimbo wenyewe, waliona haviendani: kilitaja kompaila ya zamani, ilhali msimbo ulijengwa kwa toleo jipya zaidi. Kilikuwa kimepandikizwa. Oktoba 2020 Marekani iliwafungulia mashtaka maofisa sita wa GRU, ujasusi wa kijeshi wa Urusi, kwa mashambulizi kadhaa likiwamo hilo. Aliyeharakisha mwaka 2018 angemtaja asiyehusika.

Kwenye bima, jina la mshambuliaji lina bei. Shambulio la programu hasidi ya NotPetya la Juni 2017 liliisababishia kampuni ya dawa ya Merck hasara iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 1.4. Baada ya Marekani na Uingereza kuitaja Urusi Februari 2018, kampuni za bima zilishikilia kwamba hasara hiyo inaangukia kifungu cha vita, kinachoondoa hasara za kivita kwenye bima. Mahakama za New Jersey zilikataa hoja hiyo, ile ya rufaa ikiamua Mei 2023. Lakini soko nalo limebadilika: Lloyd's ya London, soko kubwa la bima, iliagiza kwamba kuanzia 31 Machi 2023 mikataba ya bima za mtandao iwe na kifungu kinachoondoa mashambulizi fulani yanayoungwa mkono na serikali, na ieleze jinsi mhusika atakavyotambuliwa. Kisomeni kifungu hicho kabla ya tukio, hasa panaposema nani ana mamlaka ya kuthibitisha mhusika na nani anabeba mzigo wa kuthibitisha.

Kuna uamuzi mmoja usiosubiri, nao ni kulipa wanaoteka data. Sheria za vikwazo za Marekani zinaweza kumwadhibu mlipaji hata kama hakujua kwamba fedha zinakwenda kwa aliyewekewa vikwazo. Evil Corp, kundi la wahalifu wa mtandaoni, iliwekewa vikwazo Desemba 2019, kisha ikawa inabadilisha majina ya programu zake, kwa hiyo jina lililo kwenye ujumbe wa madai halitoshi. Mwanasheria apewe pia anwani ya pochi ya sarafu za kidijitali, sampuli ya programu na njia waliyoingilia.

Yote haya hutegemea kilichohifadhiwa. Mashine iliyoathirika itolewe kwenye mtandao bila kuzimwa, maana ukiizima unapoteza yaliyo kwenye RAM, kumbukumbu yake ya muda. Nakili RAM kwanza, kisha diski, piga hashi ya SHA-256 (alama inayobadilika nakala ikiguswa) kwa kila nakala, na uandike nani kaishika na saa ngapi kwa UTC, saa ya kimataifa. Andika pia saa ya mashine ilikuwa imekosea kwa kiasi gani, la sivyo mfuatano wa matukio utavurugika. Logi (kumbukumbu za matukio) za kuingia, za VPN (njia ya kuunganishwa kwa mbali), za DNS (utafutaji wa anwani za tovuti) na za barua pepe zikae miezi 12. Wengi huziacha zifutike baada ya siku 30, wakati mvamizi anaweza kuwa ndani kwa miezi kadhaa.

Ripoti ya mhusika iweke dhana zaidi ya moja mezani, ikiwamo ya mtu wa ndani na ya nywila zilizonunuliwa. Kila dhana ipimwe kwa ushahidi unaoikanusha. Ule unaoafikiana na dhana zote hausaidii kitu. Hitimisho liandikwe hivi: "Tunaamini, kwa uhakika wa kati, kwamba ni kundi fulani, kwa sababu moja, mbili, tatu. Tutabadili maoni tukipata hiki." Ninasisitiza sentensi hiyo ya mwisho kwa sababu ndiyo inayoachwa, na bila hiyo bodi haijui lini irudi kuuliza.

Kwenye daftari la vihatarishi, andikeni uwezo badala ya jina: "mvamizi anayeingia kupitia masasisho ya programu ya uhasibu," kama NotPetya ilivyoingia kupitia M.E.Doc, programu ya uhasibu nchini Ukraine. Hatari hiyo ina udhibiti na mtu wa kuisimamia, na inabaki palepale hata kundi likibadili jina kesho.