Herufi F kwenye Bolti

Mkoani Tanga kila chuma cha zamani ni cha Mjerumani. Hata pampu iliyoandikwa ubavuni jina la mji wa Uingereza utaambiwa ni ya Mjerumani, na ukibisha utaulizwa wewe ulikuwepo. Kwa hiyo Novemba 2009, jamaa mmoja wa chuma chakavu aliponipigia simu kwamba ameona "gari la vita la Mjerumani" kwenye shamba la mkonge nje ya Korogwe, sikushtuka. Nilimuuliza swali moja tu: "Pale mbele ya rejeta, yale matundu marefu yaliyosimama, yako mangapi?"

Nikamsikia anatembea kwenye majani makavu, anahesabu kwa sauti. Yalikuwa tisa.

Saba ingekuwa Jeep ya kiraia, iliyoanza kuuzwa 1945 vita vilipokwisha. Tisa ni ya jeshi. Sikulala usiku ule. Asubuhi nilikwenda benki nikatoa hela ambayo, niseme ukweli, ilikuwa ada ya binti yangu ya kuanzia kidato cha kwanza. Jamaa alitaka kunipimia kwa kilo, na Jeep kamili ina uzito wa tani moja na ushee, tukavutana mpaka tukakubaliana bei ya jumla. Mke wangu nilimwambia baadaye. Kosa langu ni hapo kwenye "baadaye".

Tuliipakia kwenye Fuso, tukaishusha uani kwa mjomba wangu, Ngamiani. Mjomba alikuwa na miaka 76. Alianza kazi 1949, kijana wa kuchukua spana na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa kwenye karakana ya mashamba ya mkonge, chini ya fundi mmoja Singasinga, na alistaafu akiwa yeye ndiye fundi mkuu. Kwetu mjomba na mpwa wote huitana "mjomba", kwa hiyo asiyetujua akitusikiliza hajui nani mkubwa.

Aliizunguka ile gari mara moja, mikono nyuma. "Umeipata wapi, mjomba?"

Nikamtajia shamba.

"Aa," akasema. Akaingia ndani kunywa kahawa yake.

Nikadhani ni uzee. Au hakuipenda, maana kwa mafundi wa rika lake gari ni Land Rover, mengine ni baiskeli zenye paa.

Mimi nilikuwa na haraka yangu. Nairobi kulikuwa na bwana mmoja mkusanyaji wa magari ya vita, tuliyewahi kujuana kwa kubadilishana vipuri, naye alikuwa akitafuta Willys, yaani Jeep ya vita iliyotoka kiwanda cha Willys. Na hii yangu ilikuwa na sahani ya Willys kwenye dashibodi, imeandikwa vizuri, kutu haijaila. Ilikuwa imeinama kidogo upande wa kushoto, na riveti zake mbili hazikufanana na za sahani ya jirani yake. Niliona. Sikutaka kufikiria.

Hapa inabidi nieleze kidogo, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilihangaika. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka kigari chepesi cha magurudumu manne yanayovuta yote. Kampuni ndogo ya Bantam, huko Pennsylvania, ndiyo iliyotoa cha kwanza, lakini oda kubwa ikachukuliwa na Willys wa Toledo. Willys peke yake asingeweza kutosheleza vita, hivyo Ford naye akapewa ramani zilezile atengeneze. Ya Willys iliitwa MB, zikatoka kama 360,000. Ya Ford iliitwa GPW, kama 280,000, na ile W ya mwisho ni ya Willys mwenyewe. Masharti yalikuwa kwamba kila kipande cha huyu kiingie kwa yule, ili fundi aliye porini asiulize gari imezaliwa wapi. Kwa mwanajeshi ni neema. Kwa mtu wa miaka sitini baadaye anayetaka kujua ana nini uani, ni balaa.

Wiki mbili nilikwangua. Rangi ya juu ilikuwa bluu ya shamba, chini yake kijivu, kisha ile nyekundu ya kuzuia kutu, na mwisho kabisa, kwenye pembe ambako brashi ya shamba haikufika, kijani cha jeshi kimefifia kama mchicha uliochemshwa mara mbili. Ringi ni zile za vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti duara zima. Mjomba alikuja kuniangalia nikiwa nimeshika spana, akauondoa mkono wangu. "Toa upepo wote kwanza. Hizo ukizifungua na upepo ndani zinakurushia kipande cha chuma usoni." Akarudi kwenye kiti chake. Hayo ndiyo maneno yote niliyopata kwake siku ile.

Usiku wa Ijumaa ndio ninaoukumbuka. Nilikuwa natafuta namba ya injini, nao umeme ukakatika mtaa mzima. Tochi ya simu yangu ilikuwa kibatari. Mjomba akanyanyuka, akaomba betri. Nilikuwa na moja ya volti 6 ya pikipiki kuukuu, na Jeep za vita ni za volti 6, ukiziwekea 12 unazichoma. Akaunga waya mbili bila kuuliza ipi ni ipi. Taa ya kushoto ilikuwa imekufa. Ya kulia ikawaka, njano, ikimulika ukuta wa jirani.

Kisha akaingiza mkono nyuma ya taa, akalegeza nati moja ya masikio, akaigeuza taa nzima juu kama mtu anayegeuza chapati. Mwanga ukaangukia injini.

Nilikuwa nimesoma kwamba taa za Jeep hugeuzwa hivyo ili fundi afanye kazi gizani bila kushikiwa tochi. Kusoma ni kitu kimoja. Mjomba hakuitafuta ile nati, vidole vilikwenda vyenyewe. Ningekuwa na akili usiku ule ningeuliza: wewe umejuaje?

Badala yake niliinama na brashi ya waya. Upande wa kulia wa bloku, mbele, nyuma ya kichujio cha oili, kuna kijukwaa kidogo cha chuma. Nikakisugua kwa mafuta ya taa, nikakifuta, nikapaka chaki, nikafuta tena kwa kiganja ili chaki ibaki kwenye mikwaruzo tu. Herufi zikajitokeza nyeupe, moja moja. M. Halafu B. Halafu tarakimu sita.

Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Saa nne ya usiku nikampigia yule bwana wa Nairobi, nikamwambia ni Willys, sahani Willys, injini Willys, njoo. Akasema Jumatano atakuwa Tanga. Mjomba alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anaitazama ile taa. "Izime," akasema, "betri itakufa."

Jumamosi asubuhi nilikwenda kusafisha mbele ili nipige picha nzuri. Chini ya rejeta kuna chuma kinachounganisha mbavu mbili za chasi. Kilikuwa kimefunikwa na tope la miaka, udongo mwekundu uliochanganyika na oili ukawa kama saruji. Nikaupiga na patasi. Kipande kikubwa kikaanguka, na nikabaki nimechuchumaa pale, patasi mkononi.

Kwa Willys chuma kile ni bomba, la mviringo. Kwa Ford ni bapa, limekunjwa kama herufi U iliyopinduliwa. Hakuna aliyewahi kukibadilisha, maana ndiyo mifupa yenyewe. Nikapitisha vidole. Bapa. Nikapitisha tena, kana kwamba lingejiviringa.

Nikaenda ndani ya ubavu wa kushoto, nyuma tu ya bampa, ambako Willys aligongomea kisahani cha namba ya chasi. Hakuna kisahani, wala tundu la riveti. Juu ya ubavu uleule, karibu na shokapu, nikakwangua: herufi zilizogongwa moja kwa moja kwenye chuma. G, P, W.

Ford alikuwa na tabia moja. Aligonga F yake kwenye kila kitu, mpaka kwenye vichwa vya bolti. Nikachukua brashi, nikaanza na bampa. F. Inayofuata, F. Kwenye springi, F. Nilizihesabu kwa sauti, kwa hasira, kama mtu anayehesabu madeni. Nikafika kwenye bolti ya kushikilia injini mbele. Kichwa chake ni cha mraba, kina makovu ya tupa, na hakina kitu.

"Hii haina F," nikasema, si kwa mtu yeyote.

"Hiyo usihangaike nayo." Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe. "Hiyo nimeichonga mimi."

Nikamtazama.

"Zilikuwa mbili, mjomba. Hii, na nyingine."

Akakaa kwenye ndoo yake. Mwaka 1952 shamba lilikuwa na Jeep mbili zilizonunuliwa kwenye masazo ya vita. Hii ilikuwa imepasuka bloku, imekaa juu ya mawe mwaka mzima, na makaratasi yake yameliwa na mchwa. Ile nyingine ilikuwa nzima na leseni yake imelipwa, mpaka siku ilipopinduka kwenye kona za Mombo kwenda Soni. Usukani uko kushoto na nchi inaendeshwa kushoto, hivyo aliyechungulia mbele wakati wa kupita lori alikuwa utingo, na siku hiyo utingo alichungulia vibaya. Hakufa mtu. Chasi ilijipinda kama mkeka, injini haikuguswa.

"Singasinga akasema injini ya ile, chasi ya hii. Siku mbili tumemaliza, kila kitu kiliingia. Bolti moja ilipotea nikachonga nyingine kwa kipande cha shafti. Sahani nayo tukaihamisha, ili gari iwe ileile ya kwenye leseni. Mwenye shamba alitaka hivyo. Nimeipiga riveti mimi, usiku, kwa taa hii hii. Nikaambiwa nisiseme."

"Na mimi ulinyamaza."

"Ulikuja na furaha yako." Akanywa kahawa. "Na mimi niliambiwa nisiseme."

Miaka 57. Shamba limeshataifishwa, limebinafsishwa, Singasinga ameshafariki, na huyu bado analinda leseni ya barabara ya 1952.

Nilimpigia yule wa Nairobi kabla moyo haujageuka. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia: je, ningemuuzia sahani na injini peke yake? Alikuwa na chasi ya Willys isiyo na injini. Akataja bei. Ilikuwa ada nzima, na nauli juu. Na kwa haki, alikuwa sahihi kuliko mimi, maana vitu vile ni vya Willys, kwangu vilikuwa wageni tu.

Mjomba alikuwa ameshachukua spana yangu. Alikuwa ameinama kwenye ile bolti ya mraba, anaikaza robo mzunguko, anaipapasa kwa kidole gumba, anaikaza tena. Haikuwa imelegea.

Nikamwambia yule bwana nitampigia Jumatatu. Jumatatu nilikwenda kuomba mkopo ofisini.

Tuliipaka bluu ya shamba, kwa sababu raia kuendesha gari la rangi ya jeshi mjini ni kujitafutia maelezo usiyo nayo, na kwa sababu Mjomba alisema ndiyo rangi yake. Binti yangu alianza shule wiki moja baada ya wenzake. Sahani ya Willys niliing'oa tulipopaka dashibodi, nikataka kuirudisha kwa vipimo, na rula na penseli. Mjomba aliniomba nyundo. Alikuwa haoni vizuri tena, akaipiga kwa kupapasa, na ikakaa palepale ilipokuwa, imeinama kidogo kushoto.